Fundi Ni Kijana, Mimi Nina Diploma

*Mama,*

*Nina miaka 38, mke na watoto watatu, tunakaa Karavia, Lubumbashi. Nashika hesabu za kampuni ya usafirishaji, Jumatatu mpaka Ijumaa, na Jumamosi hadi saa sita mchana. Tangu nilipomwona fundi akichomelea lango letu nimeshikwa na hamu ya kujifunza kazi ile. Sitafuti pesa, mshahara wangu unatosha. Nataka tu kutengeneza kitu kwa mikono yangu. Mke wangu anasema nitamtia aibu, watu wataniona nimechafuka kando ya barabara wadhani nimefukuzwa kazi. Baba mkwe alicheka. Nilikwenda kwa sudere mmoja, fundi wa kuchomelea, kijana mdogo, akanipa brashi ya waya nisugue kutu mchana kutwa. Sikurudi. Sasa nawaza kununua posti yangu, mashine ya kuchomelea, nijifundishe peke yangu uani, usiku nikitoka kazini. Nishauri.*

*Mhasibu, Karavia*

Mwanangu, posti usinunue bado. Rudi kwa yule kijana.

Brashi haikuwa dharau. Kutu, rangi na mafuta vikibaki juu ya chuma, moto wa bageti, ile fimbo ya kuchomelea, unavifanya vitoe gesi, na gesi hiyo inaacha matundu ndani ya mshono. Kwa nje utaona mstari mzuri, ndani umeoza, na siku mtoto akining'inia kwenye lango ndipo utajua. Kijana alikuanzishia mahali panapostahili. Kosa lake ni kwamba hakukueleza sababu, na wewe hukumuuliza, kwa sababu mwenye diploma aliona uzito kumuuliza mtu aliye mdogo kwake.

Hapo ndipo penye shida yako. Umeniandikia kana kwamba kinachokosekana ni muda, lakini Jumamosi kuanzia saa sita ni yako, na alasiri moja kila wiki, bila kuruka, inamtosha mtu asiyetafuta mshahara. Kilichokushinda ni kuwa mdogo. Ofisini unaitwa bosi. Pale utakuwa chini ya mvulana wa miaka kumi na saba anayejua kushika bageti kuliko wewe, na atakucheka ikinata kwenye chuma. Itanata. Mwite fundi, mbele ya wateja wake pia. Patana naye bei ya mafunzo kabla ya kuanza, umlipe bila kusukumwa, maana bageti unazounguza na saa anazokupa ndizo chakula cha nyumbani kwake. Na mteja akikufuata wewe kwa sababu unavaa vizuri na unasema Kifaransa, mrudishe kwa fundi. Wewe una mshahara.

Ukiona huwezi kabisa kukaa chini ya kijana, nenda INPP, ambayo tangu 1964 ndiyo kazi yake kufundisha watu wazima ufundi, au kwenye shule ya mapadre Wasalesiani, Cité des Jeunes, uulize kama wana masomo yanayolingana na saa zako. Ila mimi ningependa uende kwa kijana.

Sasa habari ya uani usiku, peke yako. Hapana, na hapa nakusihi kama mama. Ile nuru inaunguza macho bila kuuma. Unamaliza kazi, unakula, unalala, halafu saa nane za usiku unaamka unahisi mchanga umejaa chini ya kope, machozi yanatiririka, taa huwezi kuitazama. Watoto watatu waliosimama mlangoni kumtazama baba watapata yaleyale. Miwani ya jua haitoshi kuizuia. Lazima kofia yenye kioo cheusi, namba 10 kwa bageti ndogo. Tena mvua zinaanza Novemba. Posti iliyowashwa, hata kabla moto haujashika, ina volti hamsini mpaka themanini kwenye mkono wake, na juu ya udongo uliolowa, na nguo yenye jasho, hizo zinaweza kuua. Nani atazima wakati wote wamelala? Umeme wetu wenyewe unajulikana: jioni unadhoofika, moto unakatika kila mara, na mwanafunzi anadhani kosa ni lake.

Mwombe fundi akupe vipande vya chuma chakavu, unene wa milimita nne au tano, na bageti ya 2.5. Anzia kati ya ampe 70 na 90. Mbabula, lile jiko la makaa, usiiguse kwanza, bati lake ni jembamba, utalitoboa tu ukate tamaa. Chora mistari juu ya kipande kimoja mpaka mkono utulie. Usitazame mwanga, tazama kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka nyuma yake, ukiongoze polepole. Kikipoa, gonga lile ganda jeusi kwa nyundo, macho yakiwa yamekingwa, kwa sababu linaruka likiwa bado na moto. Baadaye unganisha vipande viwili, vibane kwenye jiliwa, uvipige kwa nyundo nzito mpaka mshono uvunjike. Utazame ndani: ganda lililonaswa, matundu, sehemu ambazo chuma kiligusana tu bila kushikana. Ni somo ambalo wengi wanaliruka, wakafunga madirisha ya watu kwa mishono ambayo hawajawahi kuiona kwa ndani.

Vaa jinzi na shati la pamba la mikono mirefu. Nailoni inayeyukia mwilini. Fanyeni kazi mahali pa hewa. Tangu 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameuweka moshi wa kuchomelea kati ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Bomba linalong'aa, lililopakwa zinki, ukilichomelea linaweza kukuletea homa na kutetemeka usiku huohuo, na maziwa ambayo mafundi wanakunywa hayaoshi mapafu. Pipa lililowahi kubeba petroli au mazuti usilichomelee, hata likionekana kavu.

Mke wako ana haki juu ya mambo mawili: pesa na Jumamosi. Mwambie kiasi utakachotumia kwa mwezi na saa utakayorudi, na saa hiyo ikifika uwe umerudi. Aibu ni jambo lingine. Mji huu ulisimama juu ya tanuru ya kampuni ya Union Minière iliyotoa shaba ya kwanza mwaka 1911, na wazee wetu waliojenga nyumba na kusomesha watoto walirudi jioni na ovaroli nyeusi kwa masizi, wakasalimiwa kwa heshima. Muulize mke nyumba inahitaji nini: kiti, rafu ya sufuria, kizuizi cha dirisha la jikoni. Kazi itakayoingia nyumbani achague yeye. Baba mkwe mwache acheke.

Posti utainunua siku fundi atakapokupa kipande cha mteja ukichomelee mbele yake. Siku hiyo mwombe mwende wote sokoni, umlipe kwa muda wake. Yeye ataijaribu kwa bageti kabla hujatoa pesa. Na kama unafikiria jenereta, ile ndogo ya kuwasha taa na televisheni haitaibeba. Kwa bageti ya 2.5 usishuke chini ya kVA 5.