UNAUZA PAMPU ZA MAJI YA MOTO? JUA KWANZA HABARI YA SPIDI 1, 2, 3

Wadau, leo tuongelee ile pampu ndogo yenye swichi ya spidi tatu. Usipoielezea vizuri kwenye posti, itarudi, na nauli ya kuirudisha utailipa wewe.

Hii siyo ya kupandisha maji kwenye simtanki. Ulaya wanaifunga kuzungusha maji ya moto kutoka boila hadi redieta za vyumbani. Huku kwetu inamfaa mwenye nyumba au hoteli ambaye tangi lake la maji ya moto liko chini ya paneli za sola.

Ikiandikwa 25-60, 25 ni saizi ya bomba kwa milimita, na 60 ni msukumo wa juu kabisa, mita 6. Mita hizo ni za kushinda msuguano ndani ya mabomba, siyo za ghorofa. Kwenye mzunguko uliofungwa, uzito wa maji yanayoshuka unasawazisha ule wa yanayopanda.

Mteja akiniuliza "niweke spidi ngapi?", namjibu hivi:

1. Toa hewa yote kwenye mabomba, anzia spidi 1.
2. Mfumo ukishapata moto, pima joto la bomba linalokwenda na linalorudi. Kwa redieta, tofauti ya nyuzi 10 hadi 20 inatosha.
3. Tofauti ni kubwa na chumba cha mwisho bado baridi? Panda 2.
4. Tofauti ni ndogo mno na mabomba yanavuma? Shuka.

Spidi 3 haizalishi joto, joto linatoka kwenye boila. Ila umeme inaula: kwa kanuni za pampu, ukipunguza mzunguko hadi asilimia 80, umeme unashuka karibu nusu.

Kabla hujapokea hela, uliza: mzunguko umefungwa, au maji yanatoka bombani kwa matumizi? Kama yanatoka, maji mapya yanaingia na oksijeni kila siku, na pampu ya chuma cha kawaida itashika kutu. Huyo muuzie ya shaba nyeusi au stenlesi.

Na mteja akitaka umjaribishie dukani, usiiwashe kavu. Maji ndiyo yanayoilainisha na kuipoza.

Maswali hayo mawili matatu inboksi yanakuchukua dakika tano. Mzigo ukirudi, unakula faida yote.