SOMO: KUJIANDIKISHA BIMA YA AFYA KABLA YA KUSTAAFU



Katika Mathayo 25 tunasoma habari za wanawali kumi. Wote kumi walikuwa na taa, na wote walisinzia. Tofauti yao ilikuwa mafuta, nayo mafuta hayo yalipaswa kununuliwa mapema, si usiku wa manane. Kuueleza mfano huo ni kazi ya Mchungaji wetu. Mimi ni mwalimu mstaafu, nami nataka tuzungumze juu ya mafuta ya namna moja ambayo wengi wetu hapa Kahama tunachelewa kuyanunua: bima ya afya kwa mtu anayekaribia kustaafu.

1. Bima hufanyaje kazi?

Fikirini chama cha kufa na kuzikana. Kila mmoja hutoa mchango wake akiwa hana msiba. Mtu akija kuomba kuandikwa siku ambayo matanga yamekwisha kuwekwa nyumbani kwake, mweka hazina atamjibu nini? Akikubali watu wa namna hiyo, sanduku litakauka. Bima ni vivyo hivyo. Mwaka 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulisimamisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja katika mpango wa Toto Afya, ambao ada yake ilikuwa sh. 50,400 kwa mwaka. Wazazi wengi walikuwa wakiwaandikisha watoto waliokwisha kuugua, na gharama zikaipita michango. Basi, anayengoja augue ndipo ajiandikishe hajidhuru peke yake. Anawadhuru na wenzake.

2. Mtumishi wa serikali anapostaafu

Mfuko huo ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001. Mchango ukawekwa asilimia 6 ya mshahara, nusu yake ikitoka kwa mwajiri. Aliyetibiwa kwa mchango huo ni mwanachama, mwenzi wake, na wategemezi wasiozidi wanne.

Mtumishi huweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na miaka 60. Siku hiyo ikifika, mambo mawili hubadilika. Kwanza, makato husimama, lakini mwanachama aliyechangia kama ipasavyo huendelea kutibiwa yeye na mwenzi wake. Pili, watoto na wazazi hawamo tena. Hapo ndipo wengi hushtuka. Tena kadi ya kazini haijigeuzi yenyewe kuwa kadi ya mstaafu. Ni lazima mwenyewe aende, ajaze fomu, aonyeshe hati zake.

3. Yaliyonipata mimi

Nilistaafu mwaka 2021. Fomu nilikuwa nayo mkononi, lakini niliiweka ndani ya sanduku pamoja na barua ya kustaafu, nikasema, "Nitaipeleka baada ya mavuno." Nilipoipeleka, ilirudishwa. Katika cheti chetu cha ndoa mke wangu ameandikwa jina la ubatizo na jina langu. Katika kitambulisho cha Taifa ameandikwa jina la nyumbani, la Kisukuma, na jina la baba yake. Kwa karatasi, hao walikuwa wanawake wawili.

Nikawa naahirisha kwenda kutafuta hati ya kiapo. Katikati ya kuahirisha huko mama huyu akaugua, akahitaji kupasuliwa. Tulilipa kila kitu taslimu: kitanda, dawa, damu, nyuzi. Ng'ombe wawili waliuzwa kwa bei ya mwenye shida, na sehemu ya kiinua mgongo ikaenda huko. Mungu alimponya. Baadaye nilikwenda kuapa, na karatasi hiyo niliipata bila taabu niliyoiogopa. Kadi ikatoka, lakini fedha iliyokwisha kulipwa haikurudi. Mke wangu hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Miaka yote niliwachapa watoto kwa kuchelewa namba, kumbe mwalimu mwenyewe alikuwa mchelewaji. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

4. Na wasio na mshahara?

Wengi wetu ni wakulima, wafanya biashara na wachimbaji wadogo. Msidhani jambo hili si lenu. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa kwanza hapa jirani, Igunga, katikati ya miaka ya 1990, kabla ya kuenezwa nchini. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita ilichangia sh. 30,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayotaka kila mkazi awe na bima.

Vijana wa migodini nao wakumbuke: Buzwagi ilianza mwaka 2009, ikafungwa mwaka 2021. Kazi ikiisha, bima ya kazini nayo huisha.

Iko pia Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayosema kwamba wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bure. Lakini mzee huyo hana budi kutambuliwa na kuandikwa na serikali ya mtaa au kijiji chake kabla hajafika hospitali.

5. Kazi za mwaka mmoja kabla ya kustaafu

(a) Uliza kama michango yako yote imefika kwenye Mfuko, usitosheke na kuiona imekatwa.
(b) Weka cheti cha ndoa, kitambulisho cha Taifa na hati ya mshahara mezani, usome majina herufi kwa herufi. Yakipishana, shughulikia sasa. Kama cheti cha ndoa kimepotea, mwone Mchungaji. Kanisa hutunza kitabu cha ndoa.
(c) Wategemezi watakaotoka katika kadi yako, watafutie mpango mwingine mapema.
(d) Barua ya kustaafu ikitoka, peleka fomu juma hilo hilo.
(e) Mwonyeshe mwenzi wako hati zote zilipo. Wewe ukilala hospitali, yeye ndiye atakayezitafuta.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika nyumba yako, ni nani asiye na kadi leo? Kwa nini?
2. Je, majina yenu katika hati zote yanafanana?
3. Katika mtaa wetu wako wajane na wazee wasiojua kusoma. Ni nani kati yetu, wa Umoja wa Mama au vijana, atakayefuatana nao kwenda kuandikwa, na siku gani?

Swali la tatu msiliache bila kutaja jina la mtu na siku.