Mazingira, Dhamiri na Uhuru wa Kutenda

Katika somo la maadili tunatofautisha tendo la mtu na tendo la kibinadamu. Kupiga chafya ni tendo la mtu, hakuna anayeliungama. Tendo la kibinadamu hutoka katika akili inayojua na utashi unaochagua. Lakini akili na utashi havikui hewani. Mtoto wa Bukoba au Muleba huzikuta mila, hofu na matumaini ya watu wake kabla hajachagua lolote.

Tuchukue mfano wa mkoa wetu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera. Kufikia 1987, karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne mjini Bukoba alikuwa na virusi. Mjane aliyekubali kurithiwa na shemeji yake wakati ule alichagua, ndiyo. Ila alichagua akiogopa kufukuzwa kwenye kibanja, na pengine bila kujua ugonjwa unavyoambukizwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1735, inafundisha kwamba ujinga, hofu, mazoea na sababu za kijamii huweza kupunguza uwajibikaji wa mtendaji, hata kuuondoa.

Je, tuseme basi kwamba mazingira ndiyo yaliyotenda? Hapana. Kufikia 1996 kiwango cha mji wa Bukoba kilikuwa kimeshuka hadi takribani asilimia 13. Vifo vingi vilichangia, lakini kiwango kilishuka hata kwa wasichana wa miaka 15 hadi 24, dalili kwamba maambukizi mapya yalipungua. Umaskini haukuwa umeondoka. Watu waliona makaburi yakiongezeka kwenye migomba, wakaelimishwa, wakaanza kuhoji mila walizozikuta. Ufahamu ulipoamka, utashi ulipata njia.

Kwa hiyo mazingira husukuma, hayafungi. Tena, aliyeamka huyabadilisha kwa ajili ya mwenzake. Mseminari atakayeketi kesho kitubioni asitosheke kujua mtu alifanya nini. Apime pia alijua nini na aliogopa nini. Nasi waamini tusimhukumu mjane huku tukinyamaza ukoo unapomnyang'anya kibanja, maana kunyamaza kwetu nako ni tendo la hiari.

Tutafakari katika jumuiya zetu ndogo ndogo: ni hofu gani inayowanyima jirani zetu uhuru wa kutenda mema, na sisi tunaweza kuondoa sehemu gani ya hofu hiyo?