Kabla ya kununua pompe, pima kwanza kilima



Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane mvua inapungua kwetu, na vitunguu na mashu vinapanda bei sokoni. Kila koperative inatamani kumwagilia, na wengi wametuuliza: tununue pompe gani? Somo hili tunalianzia kwenye kosa letu wenyewe.

Koperative moja ya mlimani ilikusanya michango kwa misimu miwili ya maharagi ili inunue pompe ya esansi. Walituomba shauri. Tuliuliza ukubwa wa shamba, tukahesabu maji ya kila siku, tukawapa jibu. Hatukuuliza shamba liko juu kiasi gani kutoka mtoni. Siku ya kujaribu moteri iliwaka vizuri, tiyo ikajaa na kukaza, lakini juu kwenye tanki halikutoka hata tone. Mama mtunza feza akatuuliza: « Maji iko mingi, moteri iko na nguvu, sasa inakosa nini? »

Pompe haikuwa mbovu. Ilikuwa imefika mwisho wa kimo chake.

Namba mbili za kwenye kibati

Angalia kibati cha pompe. Utaona Q max, mfano litre 500 kwa dakika, na H max, mfano mita 30. Q ni wingi wa maji, H ni kimo ambacho pompe inaweza kuyafikisha. Watu wengi wanafikiri pompe hiyo itapandisha litre 500 mpaka mita 30. Hapana. Namba hizo mbili hazipatikani kwa wakati mmoja.

Fikiria mtu anayebeba bidoni. Njia ikiwa tambarare, anafanya safari nyingi kwa siku. Kilima kikiwa kikali, safari zinapungua, na kuna fasi miguu inakataa kabisa. Pompe ni hivyo hivyo. Ikifika kwenye H max, maji yanasimama ndani ya tiyo na hakuna kinachotoka. Kwa hiyo usinunue pompe ambayo H max yake ni sawa na kilima chako. Lazima iwe na akiba kubwa.

Kimo kamili kina sehemu tatu

Ya kwanza ni kupanda kwenyewe: kutoka uso wa maji mtoni mpaka mdomo wa tiyo juu. Tunahesabu kusimama wima, si urefu wa njia.

Ya pili ni msuguano. Maji yakipita ndani ya tiyo yanajisugua, na nguvu inapotea. Tuchukue litre 2 kwa sekunde, yaani bidoni 6 za litre 20 kwa dakika, katika tiyo laini ya plastiki ya mita 200. Ikiwa upana wa ndani ni milimita 50, unapoteza kama mita 5 za kimo. Ukiwa milimita 40, unapoteza karibu mita 15. Ukiwa milimita 25, zinapotea zaidi ya mita 140! Tiyo nyembamba ni bei rahisi dukani, lakini utailipa kila siku kwa esansi.

Ya tatu ni nguvu inayohitajika mwishoni. Ukimwaga ndani ya tanki lililo wazi, ni sifuri. Ukitaka kurusha maji kama mvua, muulize muuzaji kifaa kinahitaji bari ngapi. Kila bari 1 ni kama mita 10 zaidi za kupanda.

Kupima kilima bila mashini

Simu hukosea kimo kwa mita nyingi, usiitegemee. Tafuta chupa inayoonyesha ndani, ijaze maji nusu na kuifunga, kisha ilaze. Pima kimo cha macho yako kutoka chini. Tuseme ni mita 1.5. Simama kando ya maji, shika chupa mbele ya macho, uangalie kilima ukifuata mstari wa maji. Pale macho yanapogusa udongo, mwenzako aweke kijiti. Nenda usimame kwenye kijiti, urudie. Kila kituo ni mita 1.5. Rudia kipimo siku nyingine, kiisha linganisha.

Tulipokwenda kupima kwa koperative ile, kazi ambayo ilipaswa kufanywa mwanzoni, tulipata vituo 22, yaani mita 33. Kibati kilisema H max mita 30. Jibu lilikuwa pale tangu siku ya kununua. Hesabu kamili ilikuwa hivi: kupanda mita 33, msuguano wa tiyo mita 5, kona na vali mita 2. Jumla mita 40. Swali la kumuuliza muuzaji lilikuwa: « Pompe hii inatoa litre ngapi kwa dakika ikiwa kwenye mita 40? » Akikosa jibu, aonyeshe mchoro wa pompe, ule mstari unaoshuka. Asipokuwa nao, feza zibaki mfukoni.

Milima yetu inapunguza nguvu

Pompe iliyowekwa juu ya maji haiyavuti kwa kamba. Ni uzito wa hewa unaoyasukuma kuingia. Usawa wa bahari, mwisho ni kama mita 10. Kwenye mita 1,500 za kimo, hewa ni nyepesi na mwisho unabaki mita 8.5 hivi, kwa kazi ya kweli usipite 5. Weka pompe karibu na mto, maana kusukuma ni rahisi kuliko kuvuta. Moteri ya esansi nayo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda.

Hata mji wa Goma unalijua somo hili. Ziwa Kivu liko pale pale na maji yake hayaishi, lakini lazima pompe ziyapandishe. Umeme ukikatika, watu wanarudi ziwani na bidoni.

Walifanya nini?

Hawakuwa na feza ya pompe nyingine. Walihamisha vitunguu kwenye matuta ya chini, vituo 12 kutoka mtoni, yaani mita 18. Hapo pompe ile ile inatoa maji. Shamba la juu bado linangoja mvua, na deni la kosa hilo ni letu pia.

Kwa mkutano wenu ujao, fanyeni zoezi hili: pimeni kilima, hesabuni urefu wa tiyo, andikeni jumla kwenye kitabu cha koperative. Na kama kuna chemchemi juu ya shamba, anzeni na hiyo. Maji yanayoshuka yenyewe hayanywi esansi.