Ekzosi Mpya: Pikipiki Itoke Nje Kwanza
Kijitabu cha elimu kwa wenye pikipiki kubwa za safari, mafundi na majirani

Malalamiko yanayofika ofisini kwetu ni ya kelele. Tunayapokea na kuyafanyia kazi, na wanaotusema kwamba tumelala waje waone majalada. Lakini kijitabu hiki kinahusu jambo ambalo halijawahi kulalamikiwa na jirani yeyote, kwa sababu halina sauti: moshi wa ekzosi iliyofungwa vibaya, kisha ikajaribiwa ndani.

USIWASHE INJINI NDANI. Si gereji, si stoo, si uani palipoezekwa na kuzibwa pande zote. Mlango ulioachwa wazi hautoshi. Ile "dakika mbili tu nisikie mlio" ndiyo tunayoiogopa.

Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na haiwashi macho. Ikiingia kwenye damu huing'ang'ania hemoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Kichwa huuma, kizunguzungu huja, tumbo huchafuka, na fundi hudhani ni malaria au njaa, akaendelea kukaza nati. Mwenzako akilegea, mvute nje kwenye hewa upesi, uite msaada. Maswali baadaye.

Wapo wanaosema pikipiki za kisasa moshi wake ni safi. Ni safi zikiwa kama zilivyotoka kiwandani. Nyingi, hasa zilizotengenezwa kwa kiwango cha Euro 5 kilichoanza Ulaya mwaka 2020, zina katalisti inayobadili kaboni monoksidi kuwa kaboni dayoksaidi. Mara nyingi imefichwa kwenye mabomba yanayotoka injini, kabla ya sailensa. Ukibadili sailensa ya mwisho peke yake, huenda ikabaki. Ukifunga mfumo mzima, huenda umeitupa na vyuma chakavu. Fundi akikwambia "hiyo inakaba injini tu", mwulize inafanya kazi gani. Akishindwa kujibu, chukua pikipiki yako uondoke.

Hatari ya pili ni gasketi kuukuu. Kiungo kikivuja karibu na sensa ya oksijeni, hewa ya nje hupenya, sensa ikadanganyika, na kompyuta ya injini ikaongeza petroli isiyohitajika. Petroli ikizidi, kaboni monoksidi nayo huzidi. Kwa hiyo nunua gasketi mpya. Tunajua bei yake. Nunua.

Kazi ianze injini ikiwa imepoa kabisa. Sensa ifunguliwe kwa uangalifu, waya wake usisokotwe. Bolti zote zishikizwe kwa mkono kwanza, ndipo zikazwe kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki, si kwa nguvu za bega. Angalia mabegi ya pembeni yasiguse bomba: yapo yaliyoyeyuka njiani, na koti la mvua ndani yake. Kisha sukuma pikipiki NJE, uiwashe. Masizi meusi kwenye kiungo au mlio wa "tk-tk" ni dalili ya kuvuja. Zima, subiri ipoe, rudia.

Kuhusu kelele: kile kizibo kidogo kilichomo mdomoni mwa sailensa si pambo, msikitoe. Desibeli 10 zikiongezeka, nguvu ya sauti imekuwa mara 10. Huko Tirol, Austria, tangu mwaka 2020 baadhi ya barabara za milimani zimefungwa majira ya joto kwa pikipiki zenye zaidi ya desibeli 95 katika nyaraka zake. Kwetu Tanzania ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kelele imo. Masuala ya bima, kadi na ukaguzi ulizeni kabla ya kununua, msiulize baada ya ajali.

Nanyi majirani: mkisikia mtu anapiga resi ndani ya stoo usiku, msingoje asubuhi mje kwetu kushtaki kelele. Mgongeeni mlango sasa hivi, atoke nje yeye na pikipiki yake.