Kiongozi Apendwe au Aogopwe?

Muhula huu, tulipokuwa tukisoma habari za Ulaya katika Kidato cha Tatu, mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, kiongozi bora ni yule apendwaye au yule aogopwaye?" Kengele ililia kabla sijamjibu. Basi naomba nafasi katika gazeti letu nimjibu, na wazazi nao wapate kusikia.

Swali hilo ni la zamani. Miaka 500 na zaidi iliyopita watu wawili walilijibu karibu wakati mmoja, na majibu yao yalikuwa mbali kama mbingu na ardhi.

Wa kwanza ni Niccolò Machiavelli wa Florence, katika Italia. Aliitumikia serikali ya mji wake kwa miaka 14, mpaka ilipoangushwa mwaka 1512, naye akafukuzwa kazi. Mwaka uliofuata alitiwa gerezani na kuteswa, akidhaniwa kuwa amekula njama. Alipofunguliwa alikwenda kukaa shamba, na huko akaandika kitabu kidogo juu ya mtawala. Humo alieleza kwamba watu kwa kawaida hawana shukrani, ni waoga, tena wenye tamaa. Kwa hiyo mtawala asipoweza kupendwa na kuogopwa pamoja, ni salama zaidi aogopwe, ila asichukiwe, wala asiguse mali za raia. Hata ahadi, ikiwa itamdhuru, anaweza kuivunja.

Wa pili ni Erasmus wa Rotterdam, katika Uholanzi. Mwaka 1516 alimwandikia Charles, kijana wa kifalme mwenye umri wa miaka 16, kitabu cha malezi ya mtawala. Sisi husema samaki mkunje angali mbichi. Erasmus naye aliamini hivyo hivyo. Mtawala afundishwe wema tangu utoto, na kama hawezi kulinda kiti chake bila kudhulumu, heri akiache.

Je, nani alisema kweli? Charles akawa mfalme wa Hispania, na mwaka 1519 akachaguliwa kuwa Kaizari. Alipigana vita miaka mingi, na mwaka 1527 askari wake, waliokuwa hawajalipwa mishahara, waliuteka mji wa Roma, wakapora na kuua. Mafunzo mema peke yake hayakutosha.

Lakini dawa ya Machiavelli nayo ina kasoro. Ikiwa watu ni wabaya, mtawala je, si mtu? Machiavelli mwenyewe aliliona jambo hili. Katika kitabu chake kingine, juu ya jamhuri ya Warumi wa kale, alisema kuwa mtawala asiyefungwa na sheria hukosa shukrani na busara kuliko hata raia wenyewe.

Neno hili mimi nililijua kwa aibu. Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa kiranja wa bweni, nikapewa daftari la wachelewaji. Kila alfajiri niliandika majina, na walioandikwa walifyeka majani siku ya Jumamosi. Niliogopwa sana, nikadhani kwamba naongoza. Lakini mimi mwenyewe nilichelewa mara nyingi. Jumamosi moja mtoto wa Kidato cha Kwanza, fyekeo mkononi, aliniuliza kwa adabu: "Kaka, jina lako huandikwa na nani?" Sikumjibu. Nilimwongezea Jumamosi ya pili. Mpaka leo nasikitika.

Basi, kijana uliyeuliza, jibu langu ni hili. Machiavelli aliogopa ubaya wa wanaotawaliwa; Erasmus aliogopa ubaya wa anayetawala. Kila mmoja aliona kweli nusu, kwa kuwa ubaya na wema hukaa katika moyo mmoja, uwe wa raia au wa mkubwa. Tuwalee viongozi wawe wema, kisha tuweke sheria zitakazotulinda siku wema huo utakapowapungukia.

Muhula ujao mtachagua viranja wapya. Kabla ya kuuliza kama wanapendwa au wanaogopwa, ulizeni kwanza: nani ataandika majina yao?