Jua Haki Zako: Mfanyakazi wa Kiwanda Aonapo Ghashi

Mkaguzi wa kiwanda cha nondo anapoamriwa kuidhinisha chuma cha milimita 10 kitoke ghalani kwa jina la milimita 12, aghalabu hunyamaza, si kwa kuwa moyo wake umeridhia ghashi hiyo, bali kwa kudhani kwamba sheria imemwachia mwajiri hiari ya kumfukuza kila anayefumbua kinywa. Dhana hiyo ni batili nchini Tanzania, na hasara yake huwafikia watu wasiokanyaga kiwandani kamwe, kwani chuma hicho ndicho kitakachobeba dari za nyumba zao na madarasa ya watoto wao.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 37, inatamka kwamba si sababu ya haki kumwachisha mtu kazi kwa kutoa taarifa ambayo sheria inamruhusu au inamlazimu aitoe, wala kwa kukataa kutenda jambo ambalo mwajiri hana idhini ya kisheria ya kumwamuru. Fauka ya hayo, shauri likifika mbele ya mwamuzi, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kuwa alimwachisha kwa haki. Thamani ya kukataa ilidhihirika huko Bangladesh, ambako nyufa zilionekana katika jengo la Rana Plaza tarehe 23 Aprili 2013: benki iliyokuwamo iliwazuia watumishi wake wasiingie, ilhali washonaji wa viwanda vya juu waliamriwa warejee vyerehanini siku iliyofuata, na jengo likaporomoka, likaua watu zaidi ya 1,100.

Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 nayo humhifadhi anayefichua uhalifu, uvunjaji wa sheria, au hatari kwa afya, usalama na mazingira, madhali anasema kwa nia njema na ana sababu ya kuamini ayasemayo. Hifadhi hiyo, hata hivyo, imefungamana na taarifa iliyopelekwa kwa mamlaka inayohusika. Porojo za mtandaoni hazina kinga hiyo, sembuse uzushi. Basi taarifa ya bidhaa hafifu ipeleke Shirika la Viwango, TBS. Mizani ya hadaa, Wakala wa Vipimo. Mashine isiyo na kinga, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA. Maji ya sumu yanayomwagwa mtoni, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Na rushwa, Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, TAKUKURU.

Kabla ya kwenda, andika tarehe, saa, namba ya shehena, jina la aliyetoa amri na maneno yake, ukitenga ulichokiona kwa macho yako na ulichosimuliwa. Kama una imani na uongozi, anza ndani kwa barua, ubaki na nakala. Kama mkubwa wako ndiye mshirika wa hiana, nenda moja kwa moja kwa mamlaka.

Ikiwa utaachishwa kazi licha ya hayo yote, peleka mgogoro wako kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa kujaza fomu namba 1, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Ukichelewa itakulazimu kwanza kuomba ruhusa na kueleza udhuru wa kuridhisha, na wengi wenye haki safi hukwamia hapo kwa kungoja ahadi za mdomo za mwajiri. Jihadhari pia kwamba kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimhusu aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi 6. Huyo na apate shauri la chama cha wafanyakazi au la wakili kabla ya kuipeleka taarifa yake.